Karafuu za Mama na Vyumba Sita vya Bondeni

Nianze kwa kuwataja waliokuwepo siku hiyo, kwa sababu nisipowataja sasa hivi nitasimulia kama vile niliamua peke yangu bila wa kunizuia, na haikuwa hivyo.

Ilikuwa arobaini ya mama yetu, nyumbani kwetu mlimani, juu ya Mkuyuni. Majirani walijaa uani kwa kisomo na pilau, lakini barazani tulikaa sita. Alikuwepo Mjomba Selemani, kaka yake mama wa tumbo moja. Kwetu sisi Waluguru huyo ndiye mwenye neno, maana ukoo tunaufuata kwa mama, na ardhi ya ukoo wajomba ndio wanaoisimamia. Alikuwepo mdogo wangu Mwajuma, aliyebaki mlimani na mama miaka yote mimi nikiwa mjini Morogoro. Pembeni yake alikaa binti yake, Zainabu, aliyekuwa kidato cha tatu. Alikuwepo Bi Tatu, mtani wetu. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu, sisi tunawazika wao na wao wanatuzika sisi, na katikati ya mazishi tunatukanana. Alikuwepo Rajabu, kijana wa Gairo, dalali wa viwanja. Huyo hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Nilimleta mimi. Na wa sita ni mimi mwenyewe, Salima, mtoto wa kwanza wa marehemu.

Mwanangu unayesoma, najua unajiuliza: dalali anatafuta nini kwenye arobaini? Hata mimi leo najiuliza. Lakini siku ile niliona ni jambo la busara. Rajabu alivaa kanzu safi, akaitikia dua kwa sauti nzuri, akala kwa adabu, akawanawisha wazee mikono. Wanawake uani wakaniuliza kama ni mkwe wangu mtarajiwa. Nikajisikia nimeleta mtu wa maana. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kuitikia dua vizuri sana na bado usimjue hata kidogo.

Ngoja nikueleze tulichokuwa tunazungumza.

Kwetu ardhi ni ya ukoo, haiuzwi sokoni kama nyanya. Lakini mti ni wa aliyeupanda. Mama alipanda karafuu arobaini na mbili kwa mikono yake, na ile miti ilikuwa yake, na alipofariki ikawa yetu sisi wawili, mimi na Mwajuma. Mwajuma ndiye aliyekuwa anaichuma na kuianika kwenye jamvi na kuiteremsha gulioni Mkuyuni. Mwaka mzuri alikuwa anashika kama milioni moja na laki nne. Mwaka ambao karafuu zimegoma, laki sita. Kutoka hapo aliishi yeye, alimtunza mama, na Zainabu alisoma. Mimi nilikuwa naletewa kifurushi changu cha karafuu za chai, na sikuwahi kuuliza zaidi.

Mimi mjini nilikuwa mjane. Marehemu mume wangu, Mzee Omari, alifanya kazi kiwandani, akaacha kiinua mgongo kidogo, na mimi nilikuwa nakaanga vitumbua asubuhi na kuuza. Kila siku wateja wangu walikuwa wanazungumza habari za viwanja. Fulani kanunua kule, fulani kajenga vyumba, sasa amekaa tu, kila mwezi wapangaji wanamletea. Mtu mzima nikapata wivu. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini, Mwanangu, lakini kwa jambo lile nilikuwa kijana kabisa, kijana kuliko Zainabu.

Rajabu akanionyesha kiwanja nje ya mji, bondeni, chini ya milima yetu hii hii. Alinipeleka mwezi wa tisa, jua kali. Tambarare nzuri. Pembeni kulikuwa na mtaro mpana mkavu, na kwenye kiwanja chenyewe mchanga mweupe laini, na mawe ya mviringo kama mayai. Nilichota ule mchanga mkononi, nikafurahi. Nilisema moyoni: hapa hata mchanga wa kujengea sinunui, umekuja wenyewe.

Naomba usome tena sentensi hiyo. Mimi nimeisoma usingizini miaka mingi.

Basi siku ile ya arobaini nilikuja na neno langu. Nilitaka tuuze ile miti ya mama kwa mtu wa ukoo, fedha zake tuunganishe na kiinua mgongo cha Mzee Omari, tujenge vyumba sita vya kupangisha, nusu kwa nusu mimi na mdogo wangu. Nilikuwa na karatasi. Nimesoma mpaka darasa la nne, lakini kuzidisha najua. Vyumba sita, kila chumba elfu thelathini kwa mwezi, ni laki moja na themanini. Mara miezi kumi na miwili: milioni mbili, laki moja na sitini elfu. Niliusoma ule mstari wa mwisho mara mbili ili wote wasikie.

Mwajuma alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Dada, na Zainabu? Mwakani anamaliza kidato cha nne. Anataka uuguzi, chuo kinataka ada."

"Ndiyo maana nasema," nikamjibu. "Karafuu mwaka huu ipo, mwaka ujao haipo. Mpangaji yeye hana msimu. Kila mwezi analipa. Zainabu atasoma kwa kodi za nyumba, wewe utapumzika kupanda miti kama kima."

Tukacheka. Rajabu naye akacheka, akasema, "Na chuo kikuu kinapanuka, mama. Wanafunzi wanatafuta vyumba mpaka wanalia."

Mjomba Selemani alikuwa amefumba macho, mtu angedhani amelala. Akauliza bila kuyafumbua, "Mpwa wangu, huko bondeni umekaa masika hata moja?"

Nikamjibu, na naona aibu kuliandika jibu lenyewe, "Mjomba, mjini siku hizi mtu hakai masika kwenye kiwanja ndipo anunue. Ukikaa, mwenzio anawahi."

Mzee akasema, "Haya." Basi. Kwa Mjomba Selemani neno "haya" lilikuwa kama mtu anayefunga mlango polepole ili asiamshe watoto.

Hapo ndipo Bi Tatu, aliyekuwa ametoka kidogo, aliporudi barazani. Alikuwa amevaa khanga ya mama na kushika fimbo ya mama, anatembea kama mama, na kikohozi cha mama, kile kile. Watani ndivyo wanavyofanya, wanamrudisha marehemu kidogo ili watu wacheke. Akapiga fimbo chini.

"Nani kanifichia paja la kuku? Arobaini yangu mwenyewe mnanipa shingo!"

Uani watu wakaangua kicheko. Mwajuma alicheka mpaka akalia, na nadhani siku ile alilia kweli. Bi Tatu akakaa karibu yangu, akachungulia karatasi yangu, ijapokuwa kusoma hajui.

"Mnagawana nini na mimi sijaoza?"

"Tunajenga, mtani," nikamwambia. "Vyumba sita. Bondeni."

"Bondeni wapi?"

Nikamwelekeza. Bi Tatu alikuwa analima mchicha na matembele kwenye mabonde ya upande ule miaka mingi, akiuza mjini. Akaacha kukohoa.

"Pale penye mchanga mweupe?"

"Hapo hapo. Mchanga wa bure, sinunui hata lori moja."

"Huo mchanga kauleta nani, mtani? Lori?"

Watu wakacheka. Nami nikajibu kiutani, maana mtani hashindwi na mtani: "Kauleta Mungu."

"Basi akirudi kuuchukua, mwambie akuache wewe." Kicheko kikazidi. Akanielekezea fimbo ya mama. "Nyie watu wa mlimani ni mafundi wa kuyaona maji yakiondoka. Mvua ikinyesha kwenu, asubuhi kumekauka, mnasema alhamdulillahi. Sisi wa bondeni ndio tunaoyaona yakifika. Jenga, mtani wangu, jenga! Vyumba sita vya vyura. Chura mmoja utamtoza ngapi?"

Mpaka Mjomba Selemani akacheka. Nami nikafanya ambalo hufanywa mtani akizidi: nikafungua pindo la khanga, nikatoa shilingi mia tano, nikampa. "Shika, kanunue sukari, uninyamazie." Bi Tatu akaibusu ile pesa, akaifunga kwenye pindo lake, na akanyamaza, kwa sababu ndiyo sheria. Mtani akishalipwa hasemi tena.

Mwanangu, mgeni angesikia yale maneno angeogopa. Angesema, huyu mama anajua kitu, ngoja nikaulize. Ni sisi tu, tuliozaliwa ndani ya utani, tunaoweza kuambiwa ukweli mbele ya kadamnasi, tukacheka, tukalipa, tukaenda zetu.

Watu walipotawanyika Mwajuma akaniambia, "Basi dada. Wewe ndiye uliye mjini. Wewe unajua."

Sikujua. Nilijua kukaanga vitumbua.

Miti akainunua Athumani, mtoto wa Bi Mwanaisha wa ukoo wetu, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye mashamba ya miwa na akiba yake. Milioni sita. Mimi nikaweka saba za Mzee Omari. Jumla kumi na tatu. Tatu zikaenda kwenye kiwanja na kwa dalali, kumi kwenye matofali, bati na fundi. Aliyeniandikia karatasi ya mauzo ya kiwanja alikuwa ni Rajabu mwenyewe, mimi na muuzaji tukaweka dole gumba chini ya mti, mashahidi wawili sikuwajua. Kwa mwenyekiti wa mtaa sikwenda, niliambiwa atataka chake. Ofisi ya ardhi nilikuwa napita nje yake kila nikienda sokoni, na ndoo ya unga kichwani. Sikuwahi kuingia. Niliona ni mahali pa watu wenye mafaili.

Sitaki kumsingizia Rajabu. Kwa yale niliyomuuliza alinijibu. Nilimuuliza kama kiwanja kina mgogoro, akasema hakina, na kweli hakikuwa nao. Hapakuwa na mtu mwingine aliyekitaka. Alikufa kwa homa, Mungu amrehemu, na sijawahi kumwombea mabaya. Kosa la mtu mwingine ningelisahau.

Nyumba ikasimama. Nilimpeleka Mwajuma akaione, akazunguka vyumba vyote sita akigusa kuta kwa kiganja. Akasema, "Mama angeona."

Masika ya kwanza mvua ilikuwa haba. Mtaro ule ukapitisha maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, nikamtafuta Bi Tatu gengeni kwake nikamcheka: "Vyura wangu wanalipa, mtani!" Akatabasamu tu.

Lakini hata mwaka huo ambao mtaro ulitusamehe, fedha hazikuja kama karatasi ilivyosema. Wanafunzi walikuja wanne, si sita. Vyumba viwili havikupata mtu, kwa sababu ni mbali na barabara na nguzo ya umeme ya mwisho iliishia nyuma sana. Chuo kikifunga wanaondoka na funguo, hawalipi. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, ikabidi ninunue ya gari. Choo kikajaa mapema, maana shimo lilipochimbwa maji yalionekana karibu, fundi akaishia hapo hapo. Hata hilo sikujiuliza, kwa nini maji yako karibu hivyo kiangazi. Kila Mwajuma akipiga simu nilimwambia, "Subiri kidogo, mdogo wangu, ndiyo kwanza tunaanza." Mara ya tatu au ya nne akaacha kupiga.

Zainabu alimaliza kidato cha nne. Alifaulu. Barua ya chuo cha uuguzi ikaja, na ada haikuwepo. Akashuka mjini, akaja kwangu asubuhi, nikiwa bado nakaanga.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kuna kitumbua cha moto."

Hakula. Alitoa daftari, akaniomba nimtajie yote, mapato na matumizi. Alikuwa na adabu, hakupandisha sauti hata mara moja. Nilitaja, akaandika. Haikuchukua muda wa sufuria moja ya mafuta kupata moto.

"Mama mkubwa, vyumba vinne, elfu thelathini, miezi minane. Laki tisa na sitini. Maji, choo, ukarabati, ni kama laki nne. Inabaki laki tano na sitini. Milioni kumi na tatu kwa laki tano na sitini," akaandika, akafuta, akaandika, "ni miaka ishirini na tatu ndipo fedha yenyewe irudi. Bado hatujapata faida hata senti."

Nikamwambia ni mwaka wa kwanza tu, vyumba vitajaa.

"Nimeshavijaza," akasema, akanigeuzia daftari. "Hapa nimeweka sita, miezi yote kumi na miwili, bila choo kujaa wala bati kutoboka. Ni miaka sita. Na karafuu za bibi, ukichanganya mwaka mzuri na mbaya, ni milioni moja kwa mwaka. Tuliziuza sita. Nayo ni miaka sita." Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo hata ingekuwa kama ulivyotuambia siku ya arobaini, mama mkubwa, hata vyote vingejaa, tungekuwa pale pale tulipokuwa. Hii hesabu ulimpa nani akufanyie?"

Vitumbua vyangu viliungua. Ilikuwa mara ya kwanza kuuza vitumbua vilivyoungua, na wateja wakanunua kwa kunionea huruma.

Ukisikia mimi najuta, Mwanangu, wengi wanadhani najuta mafuriko. Mafuriko yalikuja masika ya pili, nayo nitakusimulia, lakini mafuriko ni ya Mungu. Ile hesabu ilikuwa yangu. Ingeweza kufanywa barazani siku ile ile, Zainabu alikuwa amekaa hapo, na kalamu ya shule mfukoni. Sikumpa karatasi. Nilimpa mtani mia tano na Zainabu sikumpa hata karatasi.

Basi masika ya pili. Ilikuwa mchana, mjini jua linawaka, nguo za wapangaji ziko kwenye kamba. Juu milimani kumefunga weusi. Nilikuwa pale kudai kodi. Nilisikia sauti kama ya lori linaloshusha mawe, nikageuka kutafuta lori. Yalikuwa maji, ya rangi ya chai ya maziwa, yanakuja kwa upana wa kiwanja chote, hayakuwa na habari kama pale mtu amejenga. Niliona mgomba mzima na mkungu wake unapita mlangoni kwa mpangaji wangu mmoja anayeitwa Neema. Ule mgomba ulitoka kwetu, juu. Mvua ile ile ambayo mlimani wanasema alhamdulillahi.

Tulipanda kwenye ukingo wa barabara, watu wote salama, namshukuru Mungu. Kuta za vyumba vitatu ziliondoka. Vitatu vilivyobaki vilijaa mchanga mpaka dirishani. Mchanga mweupe, laini, mzuri sana.

Wiki ile ndipo nilipoingia ofisi ya ardhi. Dirishani alikuwepo binti mdogo, nikamwelekeza kiwanja kilipo. Akatoa ramani, akaweka kidole.

"Mama, hapa hapajapimwa makazi. Hii ni njia ya maji."

"Na kuuliza hivi, mnatoza kiasi gani?"

Akanitazama kwa mshangao. "Kuuliza tu? Bure, mama."

Nikaenda moja kwa moja gengeni kwa Bi Tatu. Sikwenda kama mtani, nilikwenda nikiwa nimechafuka matope mpaka magotini, na hasira. Nikamwambia, "Ulijua. Mbona hukuniambia?"

Hakunitania. Alifuta mikono kwenye khanga yake. "Salima, nilikuambia mbele ya mjomba wako na watu wa kisomo. Ungetaka nikuambie tena, ungekuja kesho yake bila watu, ukaniuliza. Nilikusubiri. Nikasema labda ameuliza kwingine."

Nilikaa kwenye gunia lake la viazi nikalia. Akaninunulia soda.

Sasa Mwajuma. Nimechelewesha habari yake kwa sababu ndiyo nzito. Mdogo wangu alirudi kwenye karafuu. Msimu ulipofika Athumani alihitaji wachumaji, na hakuna aliyeijua ile miti kama Mwajuma. Anajua tawi gani ni bovu, mti upi unakomaa mapema. Akawa anachuma kwa kipimo, analipwa kwa kilo, kwenye miti aliyomsaidia mama kuimwagilia ikiwa na urefu wa goti. Nilipanda kumwona msimu mmoja. Nilimkuta juu ya mti, anaimba. Akaniona, akashuka polepole, akaniamkia kama kawaida: "Shikamoo dada." Hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Ningepewa matusi ningeyapokea vizuri zaidi.

Nilimwambia, "Mwajuma, nisamehe."

Akasema, "Dada, ulitaka nipumzike." Akarudi juu ya mti, maana kipimo chake kilikuwa hakijajaa.

Zainabu hakuwa muuguzi. Ana meza ya vitenge Mkuyuni, ana watoto wawili, na kikoba chao kimemfanya mweka hazina mwaka hadi mwaka, kwa sababu hesabu zake hazina shaka. Watu wanamsifu. Mimi nikisikia wanamsifu natafuta kazi ya kufanya jikoni.

Nimeandika haya kwa sababu juzi vijana wetu wawili wa ukoo wamenijia na simu, wananionyesha picha za viwanja. Bei inaisha Jumapili, wanasema, wahi. Mapicha mazuri, nyasi za kijani. Wakaniuliza, bibi unaonaje? Macho yangu hayaoni kwenye simu, ila haya ninayaona.

Usinunue ardhi uliyoiona siku moja. Nenda kiangazi, rudi masika. Ukiambiwa bei inaisha, iache iishe. Muulize anayelima jirani, muulize mama anayeuza genge pale, muulize mwenyekiti, kisha ingia ofisini na uulize hata kama viatu vyako vina matope. Muulize kila mmoja akiwa peke yake, bila watu wa kuwachekesha, na umuulize kwa namna inayomruhusu kukwambia usinunue. Kabla hujauza kinachokulisha, kihesabu na chenyewe. Mimi vyumba nilivizidisha, karafuu sikuzizidisha kabisa, niliziona ni za siku zote. Hesabu miezi ambayo chumba hakina mtu. Hesabu choo, maji, bati, kodi ya serikali, dalali. Kisha gawanya, ujue fedha yako itarudi baada ya miaka mingapi, na ujitazame kama utakuwepo. Ukimaliza, mpe mwingine anayejua kuliko wewe aifanye upya bila kumwambia jibu unalolitaka. Hata kama ni mdogo. Hata kama ni mtoto wa mdogo wako na umemnunulia sare mwenyewe. Na kama fedha si yako peke yako, hofu yako iwe mara mbili, kwa sababu yule anayekwambia "wewe unajua" amekukabidhi kitu ambacho hakina risiti.

Mungu awape ardhi iliyo kavu chini na yenye baraka juu. Awape wapangaji wema na wenzi wenye kuuliza maswali. Awaepushe kuwa sababu ya ndugu yenu kufanya kibarua kwenye mali ya mama yenu. Na nyie mliokwisha kukosea kama mimi, awape ujasiri wa kwenda kwa mliowakosea mchana kweupe, msingoje waitwe na Mungu. Amina.

Majina nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka, lakini nimezeeka. Kama Athumani alinunua kwa bei nyingine, au kama kwenye arobaini tulikuwa saba na si sita, aliyekuwepo aje aniambie, nitaandika upya. Na wewe Zainabu, ukiona nimekosea hesabu, usinionee haya kwa sababu mimi ni mama yako mkubwa. Njoo na kalamu unisahihishe. Safari hii nitatulia mpaka umalize.